Kopo la Vifungo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Dada Fundi, shikamoo.

Barua hii nimempa kondakta wa basi, na ana macho ya mtu wa kufungua vitu vya watu. Ikifika imechanika ujue si mimi. Mwandiko usiucheke. Wewe ndiye ulinifundisha kusoma kwenye yale magazeti ya kukatia vipimo vya nguo, kwa hiyo herufi ninazokosea ni zile zilizoondoka na mkasi wako.

Kazi nimepata. Kaa chini kwanza. Niko kwa Mtume. Huyo huyo mnayemwangalia kwenye televisheni kila Jumapili wewe na shemeji. Nimemwona kwa macho yangu akishuka kwenye gari. Ni mfupi, dada! Kwenye televisheni wanampandisha.

Simu yangu iko langoni. Kila mfanyakazi anaiacha mpaka miezi mitatu ya mwanzo iishe, wanasema simu inaingiza roho za nje. Ndiyo maana naandika.

Niko chumba cha kadi. Tuko saba na mkubwa wetu, tunamwita Mama Kadi. Watu wanamwandikia Mtume barua kutoka kila pembe, magunia kwa magunia. Mimi nachana bahasha, nasoma, naandika kadi. Nasoma polepole, lakini Mama Kadi anasema polepole ndiyo vizuri, wanaosoma mbiombio wanaruka mambo. Kadi ina mistari mitatu. Wa kwanza, mtu ni nani na anafanya kazi gani. Wa pili, anaumwa nini au ana shida gani. Wa tatu, kitu kimoja ambacho hakuna anayekijua ila yeye mwenyewe. Mama Kadi anasema huo wa tatu ndio mkubwa, ili Mungu asimchanganye huyo mtu na mwingine. Nilitaka kuuliza kwani Mungu naye huchanganya watu? Lakini unanijua. Swali lilifika kooni likageuza.

Kadi zikijaa zinaingia sanduku jekundu, zinapelekwa kwa Mtume aziwekee mikono na kuziombea. Ndivyo tulivyoambiwa.

Kifafa chako kimetulia? Vidonge usiruke hata siku moja, hata shemeji akiwepo nyumbani. Jifanye unatafuta kifungo.

Kuna jambo nimekufanyia. Sikwambii. Utaliona.

Msalimie mama, mwambie sijakonda.

Mdogo wako,
Kimya

*

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Kimya wangu,

Marahaba, na marahaba tena, na kama kuna kubwa kuliko marahaba nakupa hiyo. Nilichelewa kukujibu kwa sababu ya sare za shule, lakini leo sare zikae. Siwezi hata kutia uzi kwenye sindano kwa furaha.

Jana tulikuwa sebuleni. Mimi, mama, shemeji yako, na jirani mwenye mdomo, yule unayemwita Redio. Mtume akanyamaza katikati ya wimbo. Akafumba macho. Akasema namwona mwanamke, ni fundi wa nguo. Akataja jina langu, Kimya! Jina langu na la baba! Akasema una kifafa, na mume wako hajui. Sikuweza kumwangalia shemeji yako. Redio kakaa mdomo wazi kama mfuko. Halafu Mtume akasema, "Kuna kopo la vifungo juu ya kabati. Chini ya vifungo kuna vidonge. Binti, unamficha nani? Nenda kavimwage. Leo umefunguliwa."

Niliinuka kabla hajamaliza. Nikalipindua lile kopo pale pale mbele za watu. Vifungo vikatawanyika mpaka chini ya meza, na katikati yake vile vidonge vyeupe. Shemeji yako akaviangalia. Nilijua ndoa imekwisha. Miaka sita nimeficha ugonjwa, na mama yake ameshasema mara ngapi kwamba mke wa kuanguka hakai kwenye ukoo wao. Lakini alisema, "Kwa hiyo ulikuwa unaumwa, na sasa umepona?" Nikasema nimepona. Akalia. Mwanaume mzima alilia, akanishika mkono akanipeleka mwenyewe chooni nikavimwaga.

Unaelewa, mdogo wangu? Sifichi tena. Nalala kama mtu.

Na ajuaye lile kopo ni mimi, wewe na Mungu. Hata mama hakujua. Na wewe hata ukinyongwa husemi.

Nimeokota vifungo vyote isipokuwa kimoja cha bluu.

Dada yako mzima kabisa,
Fundi

*

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Dada,

Nimeandika barua hii mara nne na kuchana mara nne.

Ni mimi. Niliandika kadi yako. Nilikuwa nakuombea. Mstari wa kwanza, fundi wa nguo, jina lako na la baba. Mstari wa pili, kifafa, mume hajui. Mstari wa tatu, kopo la vifungo juu ya kabati, vidonge chini ya vifungo. Niliona nikiandika kitu kingine Mungu atakukosa. Hilo ndilo jambo nililosema nimekufanyia.

Jumapili mwenzetu mmoja aliumwa, nikaambiwa nibebe sanduku jekundu nilipeleke ukumbini. Sikuwa nimewahi kuingia huko siku ya ibada. Nyuma ya jukwaa kuna chumba cha vioo, watu wanarekebisha sauti humo. Mama Kadi alikuwa amekaa ndani na kipaza sauti kidogo mbele yake. Alitoa kadi moja. Akaisoma taratibu, kama mtu anayemsomea mtoto. Na Mtume kule jukwaani, macho amefumba, anarudia. Ana kidude sikioni, dada, kidogo kama punje ya mahindi. Nilisikia maneno yangu mara mbili. Kwanza kwa Mama Kadi, halafu kwa Mtume. Hata pale nilipokosea kuandika, Mama Kadi alisitasita, na Mtume naye akasitasita. Ulimwona amenyamaza ukadhani ni Roho. Alikuwa anangoja Mama Kadi asome mwandiko wangu mbaya.

Ila hilo la kumwaga vidonge sikuandika. Wala Mama Kadi hakulisoma. Hilo alilitoa mwenyewe.

Nilikaa juu ya sanduku.

Kuna mzee hapa anayetunza jenereta, yuko na Mtume tangu zamani. Nilimuuliza, nikameza aibu nikamuuliza. Akaniambia Mtume alianza kwa kuuza dawa ya panya sokoni na kipaza sauti. Sauti ilikuwa tamu mpaka watu wasio na panya walikuwa wananunua. Halafu akaokoka kweli, mzee anaapa ni kweli, akahubiri chini ya turubai, akabeba wagonjwa mgongoni kwake mwenyewe, akalala nao hospitalini. Siku hizo hakuna aliyemjua. Ndipo siku moja mke wake akamnong'oneza jina la mtu aliyekaa mbele, Mtume akalitaja, na turubai zima likaanguka chini likilia. "Tangu siku hiyo," mzee akasema, "hajabeba mgonjwa tena." Kuna mwaka mama mmoja alimwachisha mtoto wake dawa. Magazeti yakaandika, akashitakiwa, kesi ikafa. Mtoto naye alikuwa ameshakufa.

Dada, nenda hospitali kesho. Waambie vidonge vimemwagika. Nakuomba. Nimekupigia magoti hapa sakafuni, mwenzangu wa kitanda cha juu anadhani nasali.

Kimya

*

Jumatatu, tarehe 24 Machi

Kimya,

Nimesoma. Nimekunja. Nimefungua nikasoma tena kuona kama ni mwandiko wako kweli.

Yaani Mungu akinifanyia mimi jambo lazima liwe lako? Wewe uliyekuwa ukitumwa chumvi unarudi na mkono mtupu kwa sababu uliogopa kumsemesha mwenye duka, leo umekuwa mdomo wa Mtume? Kama uliandika kadi, basi Mungu aliitumia kadi. Punda alisema kwenye Biblia, sembuse wewe.

Siku nane sijaanguka. Nane! Shemeji yako amewaambia ndugu zake wote. Mama mkwe alikuja juzi, akanibusu kichwani, mkono wake ukakaa kwenye kichwa changu muda mrefu. Miaka sita alikuwa ananisalimia kwa kidevu. Sasa unataka nirudi hospitali, nipange foleni pale, Redio anione, niseme bado naumwa? Unajua unachoniomba? Unaniomba nimrudishe mume wangu dukani.

Ukija kunena haya mlangoni kwangu nitakufungia, na mama shahidi.

Mungu hasemi uongo. Siku Mtume wake akisema uongo kwenye televisheni, nikausikia kwa masikio yangu, nitakusikiliza. Kabla ya hapo usiniandikie.

Fundi

*

Jumatano, tarehe 26 Machi

Dada,

Najua umesema nisiandike. Umesema pia uongo ukiusikia utanisikiliza. Ndiyo maana nimeandika.

Nimetunga kadi. Hakuna barua iliyotoka, hakuna mtu. Nilikaa nikatafuta mtu ambaye hayupo. Nimeandika hivi: mjane, mume wake alikuwa fundi wa saa. Hapati usingizi. Mstari wa tatu, saa ya ukutani ya marehemu ameifunga kwa kitambaa chekundu, ilisimama siku ya mazishi na hajaifungua tangu hapo.

Mama Kadi aliisoma akashika kifua. Akasema, "Kimya, kadi zako zina macho." Ameiweka juu kabisa ya sanduku.

Jumapili hii utamsikia akiisema. Na hatainuka mtu. Mwanamke huyo nimemtoa kichwani mwangu, dada, hana hata jina. Ukumbi mzima utakaa kimya, na utajua.

Ningekuja mwenyewe. Lakini ukinifungia mlango nitafanya nini nje? Mimi sijui kugonga mara mbili.

Kimya

*

Jumatatu, tarehe 31 Machi

Wewe mjinga,

Aliinuka! Umemwona au ulikuwa umejificha? Mtume alisema mjane, akasema saa, akasema kitambaa chekundu, na mwanamke akainuka katikati ya ukumbi analia mpaka wakambeba. Kamera ikamleta karibu, machozi mpaka shingoni. Mama naye alilia. Hata Redio.

Mtu ambaye hayupo, eti! Basi wewe mwenyewe ni nabii na hujijui. Unatunga watu, na Mungu anawaleta. Hilo peke yake lingekutosha kupiga magoti.

Sina neno zaidi. Samahani kwa mwandiko, nimeungua kidogo mkono kwa pasi. Si kitu. Mama ameupaka dawa. Usiulize.

Fundi

*

Alhamisi, tarehe 3 Aprili

Dada yangu,

Nilimwona. Nilikuwa nyuma ya pazia, na aliposimama nilidhani ni mimi ninayeanguka.

Walipomaliza kumpiga picha walimsahau kwenye benchi la korido, kiatu kimoja hana. Nikaenda nikakaa. Wewe unajua mimi kukaa karibu na mtu nisiyemjua ni sawa na kupanda mlima. Nikamuuliza, mama, hiyo saa iko wapi? Akasema, "Sina saa, mwanangu. Mume wangu alikuwa seremala." Nikamuuliza kwa nini uliinuka? Akasema, "Miaka minne nakuja hapa. Naandika barua, siitwi. Aliposema mjane nikangoja mwenye saa asimame. Hakusimama. Nikaona basi, kama hana mwenyewe, acha niwe mimi."

Nilimtafutia kiatu chake. Ndicho nilichoweza.

Jioni Mtume aliniita ofisini kwake. Mimi! Alikuwa amevua viatu vya kumrefusha, miguu haifiki vizuri chini. Akasema, "Ndiye wewe wa saa?" Nikakubali kwa kichwa. Sijui nani alimwambia nina mashaka, labda uso wangu. Akasema, "Unadhani mimi ni mwongo. Kijana, kadi inaleta jina. Machozi nani anayaleta? Yule mama alilia kweli au hakulia?" Nikasema alilia. "Basi." Nikajikaza nikamwambia lakini Mtume, dawa je? Wanaoacha dawa? Akavaa kiatu kimoja taratibu. Akasema, "Mimi sikumlazimisha mtu. Nasema tu. Mkono unaomwaga ni wao." Halafu akanipa soda niende.

Dada, nilifika mlangoni ndipo nikaogopa. Si kwa sababu ni mwongo. Ni kwa sababu hakushtuka.

Sasa huo mkono. Umeniambia nisiulize. Siulizi, nasema. Umeshika pasi tangu nikiwa natambaa, na hujawahi kuungua isipokuwa siku ile ulipoanguka kabla ya vidonge, nikiwa na miaka tisa, nami ndiye niliyevuta waya ukutani. Umeanguka, dada. Mara ngapi?

Watu wengi wamepiga simu hapa kuulizia fundi wa kopo la vifungo, wanataka kujua anaendeleaje. Kwa hiyo Mama Kadi ameniagiza niandike kadi yako ya marudio. Nimeandika. Ni ya Jumapili hii. Sikuambii nimeandika nini, maana nikikuambia utatafuta njia ya kuifanya iwe kweli. Ninachokuomba ni kimoja. Jumapili kaa mbele ya televisheni, na mama akae karibu nawe. Karibu kabisa, umguse.

Kimya

*

Jumanne, tarehe 8 Aprili

Kimya,

Naandika kwa mkono wa kushoto, ule wa pasi haujapona, kwa hiyo leo tunafanana mwandiko.

Mama alikuwa hapa kulia kwangu anachambua maharage. Shemeji yako mlangoni, Redio kwenye kiti chake. Mtume akafumba macho. Nikajua ni mimi. Akasema, "Yule fundi wa kopo la vifungo! Namwona mama yake mzazi. Yuko mbele za Bwana, amevaa nguo nyeupe. Ni mwaka wa tatu sasa tangu umzike, binti. Anasema asante mwanangu kwa kumwaga vile vidonge, sasa napumzika."

Ukumbi mzima ukasema amina. Maelfu ya watu, Kimya, wanasema amina juu ya kifo cha mama, na mama ana ungo mapajani.

Mimi nilikuwa nimemshika mkono kama ulivyosema, una joto. Shemeji yako akamwangalia mama, akaangalia televisheni, akamwangalia tena mama, kama mtu anayelinganisha vipimo. Mama ndiye aliyeanza. Akasema, "Ni nani huyo amekufa?" Kisha akasema, "Yaani nimekufa mwaka wa tatu huu, na nimeendelea kuchambua maharage?" Redio akaondoka bila kuaga. Redio!

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilikumbuka nilivyopindua lile kopo mbele za watu, nilivyokimbilia chooni kwa furaha. Nikamwambia shemeji yako palepale, sijapona. Nimeanguka mara tatu. Mara ya pili ni ya pasi, mama alinifichia. Ya tatu ilikuwa Ijumaa, nje kisimani, peke yangu, na niliamka uso uko kwenye maji ya ndoo iliyomwagika. Ingekuwa haikumwagika nisingekuwa nakuandikia.

Alikaa kimya kuliko wewe. Halafu akatoka. Nikasema basi, ndiyo hiyo. Mama akasema muache. Jana asubuhi alirudi na baiskeli ya kuazima, akasema, "Panda." Alipanga foleni na mimi. Daktari alipouliza mgonjwa amekuwa akiweka wapi dawa, alijibu yeye. Mama yake bado hajui, na siku akijua sijui atafanya nini, wala huyu simjui atafanya nini siku hiyo. Leo vidonge viko juu ya meza ya cherehani, kwenye kopo lile lile, bila vifungo.

Na wewe. Umeniokoa, najua. Lakini siri yangu uliiandika kwenye karatasi ukampa mtu usiyemjua, nami nikavuliwa nguo mbele ya dunia. Hata kama ulikuwa unaniombea. Hilo bado liko hapa, sijui nilipeleke wapi. Nitakuambia likiisha. Njoo usubiri liishe ukiwa hapa hapa, si huko.

Yule mjane mwenye saa isiyokuwepo, kabla hujaondoka mtafute. Mwambie ukweli taratibu. Usimwache amesimama.

Mama anataka kusema neno. Nimemwambia karatasi imejaa, anasema aandikwe pembeni.

Fundi

Mimi marehemu mama yako ninakusalimu. Huku mbinguni kuna maharage ya kuchambua, na ungo ni ule ule uliotoboka. Kile kifungo cha bluu nimekiona chini ya ungo. Rudi nyumbani, mwanangu, ulete na simu yako. Na ukiandika kadi nyingine, andika nimefufuka.